Bega

Alikuja akilalamikia bega.
Si tumbo. Bega, la kulia,
kalishika kama anayezuia kanga isidondoke.
"Cherehani hii itaniua, Daktari."
Mimi si daktari, ni tabibu wa zahanati ya Buza,
lakini Dar kila mwenye koti jeupe ni daktari
hadi pale mtu anapokufa.

Somoe Mkumba, miaka ishirini na saba,
mshona sare za shule, na Januari iko mlangoni:
sketi za marinda mia na arobaini zinamsubiri.
Duka la dawa limeshampa diklofenaki,
jirani kamchua kwa mafuta ya mnyonyo,
mama mkwe kasema ni upepo.
Siku tatu. Upepo haujatoka.

Kalamu yangu ilishaanza kuandika "misuli".
Kalamu ni mvivu, hupenda njia iliyozoea.

Ila nilimwona alivyokaa,
upande mmoja tu wa kiti, hataki kulala chali.
Nikamvuta kope: ndani rangi ya unga wa muhogo.
Mapigo mia na thelathini, yakikimbia kimya
kama watoto waliovunja kioo.

"Mara ya mwisho uliona lini?"
"Juzi. Matone tu. Meusimeusi, kama maji ya kahawa."
"Na kabla ya hayo matone?"
Akahesabu kwa vidole vyenye alama za sindano,
akakosea, akaanza upya.
Wiki saba.

Hapo ndipo Asteria aliponijia,
Asteria wa Kigogo, mwaka wangu wa kwanza kazini,
niliyempa dawa ya vidonda vya tumbo
na tabasamu.
Alirudi usiku uleule mgongoni mwa kaka yake,
ndala moja mguuni.
Sijawahi kumwambia mtu habari ya ile ndala.

Kipimo cha mkojo: mistari miwili, upesi, bila haya.
Mtu wa picha alikwisha kuondoka, umeme nao ukamfuata.
Basi sindano. Nikachoma chini, kando ya kitovu,
nikavuta: damu.
Nikaimimina kwenye chupa, nikatazama saa,
huku dripu mbili zikikimbia mikononi mwake.
Damu ya mshipa huganda, ina adabu zake.
Hii ilibaki maji.
Nilipotikisa chupa ikayumba kama juisi ya rozela.

"Mimba?" Kibwana mumewe alisimama na funguo za bajaji.
"Bega ndiyo mimba?"
Nikamweleza, nikimsukuma kuelekea nje:
imetunga njiani, kwenye mrija usiojua kutanuka,
mrija umepasuka, damu imepanda hadi chini ya kiwambo,
huko imegusa mshipa unaozungumza lugha ya bega.
Mwili hausemi uongo, Kibwana.
Hupiga hodi mlango wa jirani, basi.
Washa chombo.

Temeke, friji ya damu haikuwa na kundi lake.
Dokta Kisusi hakulaani, hakupiga simu ya tatu.
Alifungua, akaikinga kwa bakuli damu iliyojaa tumboni,
akaichuja kwa shashi, tabaka juu ya tabaka,
akamrudishia mwenyewe.
Ile ile iliyokuwa ikimmaliza
ikaingia tena nyumbani kwa mlango wa mkono.

Siku ya nane alikuja kutolewa nyuzi.
Akaukagua mshono kwa jicho la ufundi:
"Huyu anashona vizuri. Ila fundo la mwisho kalegeza."
Nikamwambia umebaki mrija mmoja,
na kwamba wengi huzaa kwa mmoja,
na kwamba akikosa siku zake tena asingoje bega.
Akaitikia, ndiyo, ndiyo,
kama mteja asiyesikiliza bei.

Kisha, akitazama ukuta:
"Ilikuwa na ukubwa gani?"

Nikamwonyesha kwa ncha ya kidole.
Akakitazama kidole changu muda mrefu,
akikipima,
kama kuna kitambaa mahali fulani
bado hajakikata.